Mashujaa Katika Picha Moja



Hapa Tunduma mpakani tuliwakuta watoto wameinamia kitabu cha picha za mashujaa wa Marekani. Hatukuwakemea. Kundi liitwalo Justice League lilitokea mwaka 1960, na Avengers mwaka 1963. Watoto waliupita ukurasa wa shujaa aliye peke yake, wakakawia penye kundi zima. Kwa nini? Maana kila mmoja ana kipawa asicho nacho mwenzake, na wote wamesimama bega kwa bega.

Basi tazameni picha nyingine, Luka 6:15. Mathayo alitoka forodhani, mtoza ushuru aliyechukiwa na watu wake. Simoni aliitwa Zelote, yaani mwenye bidii kwa ajili ya taifa lake. Bwana aliwaita wote wawili, na majina yao yamo katika mstari mmoja.

Nasi je? Mtoza ushuru na mfanya biashara hugombana forodhani siku sita. Siku ya saba huketi mbalimbali kanisani, na kila mmoja humngoja mwenzake aondoke kwanza mezani pa Bwana. Hapo picha yetu imepasuka. Jumapili ijayo, kabla hujaikaribia meza, mwendee ndugu yako, umpe mkono. Amina.