Haki ya Kumcheka Mwenzetu

Lugha ya Kiswahili ina hazina kubwa ya maneno yahusuyo kucheka. Tunayo masihara, mzaha, utani, dhihaka, kejeli na kebehi. Waliotuachia lugha hii hawakuyaweka maneno hayo yawe mapambo; kila moja lina mahali pake na uzito wake. Masihara na mzaha ni maneno ya kuchangamsha baraza, na ayasemaye hana nia ya kumpunguzia mtu hadhi yake. Dhihaka, kejeli na kebehi hukusudia kumshusha anayeambiwa mbele ya wengine. Ama utani ni jambo la namna nyingine kabisa, kwani huo ni uhusiano baina ya watu kabla haujawa maneno vinywani mwao.

Katika insha hii tunakusudia kuchunguza swali moja la maadili linalotokana na tofauti hizo. Watu wanapokutana ili kujadiliana juu ya elimu na ufundi, ni nani mwenye haki ya kumcheka mwenziwe, na haki hiyo huipata kwa njia gani? Swali lenyewe ni la zamani, maana kila karakana imekuwa na fundi anayejua na mwanagenzi anayebahatisha. Lakini limepata uzito mpya katika zama hizi ambapo majadiliano mengi ya ufundi hufanyika kwa njia ya kompyuta na simu, kati ya watu wasioonana nyuso wala kujuana majina.

Yafaa ieleweke mapema kwamba jambo hili si dogo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule isiyo na mwalimu wa kompyuta anaweza leo kuwauliza mabingwa walioko Dar es Salaam, Nairobi au ng'ambo ya bahari, na akajibiwa siku hiyo hiyo. Hiyo ni neema ambayo wazazi wake hawakuipata. Lakini mtu aulizapo hujifunua. Huwaonyesha wengine mahali ambapo elimu yake imekomea. Akijibiwa kwa kicheko cha dharau mbele ya mamia ya wasomaji, atakachojifunza siku hiyo ni kunyamaza. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Walisema hivyo kwa kuwa walijua jinsi ilivyo rahisi kumfanya muulizaji ajione mjinga, na hasara inayopatikana anapoacha kuuliza.

Ili tupate kipimo cha kupimia jambo hili, hatuna haja ya kwenda mbali. Jadi zetu zimeweka utaratibu mzima wa kuchekana, nao ni huo utani. Upo utani wa ukoo, kama ule wa babu na mjukuu, au wa mashemeji. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu humjibu kwamba mke mwenyewe amezeeka, hajui hata kupika. Na wote waliopo hucheka. Upo pia utani wa makabila. Baadhi yake ulizaliwa katika misafara ya biashara ya karne ya 19, pale Wanyamwezi walipokuwa wakisafiri kutoka bara hadi pwani na kupokewa na wenyeji wa njiani. Mwingine ulizaliwa vitani. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakielekea kaskazini, walipigana vita vikali na Wahehe katika miaka ya 1870 na 1880. Hata hivyo wajukuu wa mashujaa hao leo ni watani, nao hukumbushana nani alimkimbia nani pasipo mtu kushika mkuki.

Wala utani haukuishia vijijini. Klabu ya Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na mashabiki wao huitwa watani wa jadi. Jambo hili latufundisha kwamba utani waweza kuanzishwa upya mahali ambapo hakuna ukoo wala kabila, bali kuna watu wanaopenda kitu kimoja na kukutana mara kwa mara.

Mgeni atazamaye utani kwa juu juu hudhani kuwa ni ruhusa ya kutukana. Amwangalie basi mtani msibani. Wafiwa wakiwa wanalia, mtani huvaa kanzu ya marehemu, huigiza mwendo wake na kikohozi chake, na hutaja jinsi alivyokuwa bahili. Pengine huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe fedha. Wafiwa hucheka katikati ya machozi, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyeamka alfajiri kuchimba kaburi. Ndiye achotaye maji, apasuaye kuni, na kuhakikisha kwamba wageni wamekula. Kule kucheka kwake kumelipiwa kwa jasho. Mpita njia asiyeshika jembe akidiriki kumwigiza marehemu, atafukuzwa kwa fimbo.

Hapo ndipo tunapouona msingi wa jambo. Utani husimama juu ya nguzo tatu. Kwanza, pande zote mbili zinajua kuwa ni utani. Hakuna anayetaniwa bila kujua kuwa yumo utanini. Pili, utani hurudishwa: anayecheka leo hukubali kuchekwa kesho, na hana cheo cha kumkinga. Tatu, na hii ndiyo nguzo kuu, utani una deni. Anikuchekaye katika raha ndiye akuzikaye katika msiba. Haki ya kucheka na wajibu wa kusaidia hutembea pamoja, na mtu hawezi kuchukua ile ya kwanza akauacha ule wa pili.

Sasa tutazame majadiliano ya ufundi kwa kipimo hicho, tukianza na nguzo ya kwanza. Mwaka 1982 wataalamu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, walikuwa wakiandikiana kwa kompyuta za chuo. Walijiuliza fumbo la fizikia: lifti ikikatika kamba na kuanguka, tone la zebaki lililomo ndani yake litakuwaje? Mmoja akatoa tangazo la mzaha kwamba lifti moja ya chuo imechafuliwa na zebaki. Waliosoma tangazo hilo bila kufuatilia mazungumzo yaliyotangulia wakalidhania kuwa onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba mwaka huo, Scott Fahlman alipendekeza dawa: kila aandikaye mzaha aweke nukta mbili zilizopandana, kistari na mabano ya kufunga, alama ambazo zikitazamwa kwa upande hufanana na uso unaotabasamu. Vijiuso tunavyotumiana leo katika simu vinafuata wazo hilo.

Kisa hiki chaonekana chepesi, lakini kina mafunzo. Watu wenye elimu kubwa, wa chuo kimoja, na wa lugha moja, walishindwa kutambua mzaha kwa sababu tu hawakuonana macho. Barazani sauti hupanda na kushuka, jicho hukonyeza, na mkono hugusa bega. Maandishi hayana hayo. Ndiyo maana mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa mwezi wa Oktoba 1995 uliwakumbusha watumiaji kwamba anayepokea maandishi ni binadamu mwenye utamaduni, lugha na vichekesho tofauti na vya mwandishi, na kwamba kejeli yahitaji hadhari ya pekee. Ikiwa Wamarekani wa chuo kimoja walipotezana, je, kijana wa Sumbawanga anayeandika Kiingereza cha kujifunza darasani atajuaje kwamba maneno makali aliyojibiwa yalikuwa masihara?

Nguzo ya pili na ya tatu twaweza kuzipima kwa mfano mwingine. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, alianzisha mfumo endeshi uitwao Linux. Kazi hiyo imekuzwa na maelfu ya watu duniani kote wanaojadiliana kwa maandishi, na kiini chake kimo hata ndani ya simu za Android zilizo mikononi mwa wananchi wetu. Kwa miaka mingi Torvalds alijulikana kwa lugha ya ukali na matusi dhidi ya wale ambao kazi yao haikumridhisha. Aghalabu maneno hayo yaliwalenga wasaidizi wake wakubwa, si wanagenzi. Lakini yalisomwa na kila mtu, na mwanagenzi aliyeyasoma alijua kinachoweza kumpata. Tarehe 16 Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akakiri kwamba mashambulizi yake hayakustahili, akapumzika kwa muda ili ajifunze kuelewa hisia za wenziwe. Mwezi huo huo wenye kazi hiyo walipitisha kanuni mpya za mwenendo.

Wapo waliosikitishwa na mabadiliko hayo, na hoja yao yastahili kusikilizwa. Husema kwamba ufundi hauna huruma: daraja lililojengwa vibaya litaanguka, na programu yenye kasoro itapoteza fedha za watu. Kwa hiyo, wasema, ni afadhali fundi aumie moyo kuliko kosa lipite. Tunakubali nusu ya hoja hiyo. Kosa lazima litajwe, na litajwe waziwazi. Lakini maneno "kazi hii ina kosa, nalo ni hili" yana ukweli wote unaohitajika. Ukiongeza "nawe ni mpumbavu" hujaongeza ukweli hata chembe. Tangu mwaka 2018 matoleo mapya ya Linux yameendelea kutoka na kazi mbovu imeendelea kukataliwa. Heshima si utumwa, na wala si adui wa usahihi.

Hata hivyo ingekuwa kosa kudhani kwamba dawa ni kufukuza kicheko na kuacha heshima tupu. Sisi twaijua vizuri hatari ya upande huo. Iko heshima ya woga, ambayo humfanya kijana anyamaze aonapo mkubwa wake anakosea, na humfanya mwalimu aone swali la mwanafunzi kuwa ni ukaidi. Mahali penye heshima ya namna hiyo makosa huzeeka pamoja na wenyewe. Jadi yetu ililiona tatizo hili pia, ikampa mjukuu ruhusa ya kumtania babu. Jambo ambalo mtoto hathubutu kumwambia baba yake, mjukuu humwambia babu kwa mzaha, na babu hucheka huku akilitafakari. Utani ukitoka chini kwenda juu hubeba ukweli ambao adabu ya kawaida ingeuzuia. Kicheko kitokacho juu na kumwangukia aliye chini, asiye na uwezo wa kukirudisha, hubeba uzito wa cheo tu. Huo si utani tena, ni dhihaka iliyovaa nguo za utani; na wahenga walituonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Jambo hili lagusa hata lugha yetu ya taifa. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika zoezi hilo viligawiwa kwa walimu. Wengi walilicheka neno "kishikwambi", kama walivyowahi kuyacheka maneno "tarakilishi" na "ngamizi". Kulicheka neno jipya si dhambi. Ni njia mojawapo ya kulizoea. Lakini kuna tofauti kati ya mwalimu anayelicheka neno hilo kisha akalitumia darasani, akalijaribu na kupendekeza jingine lililo bora, na mtu anayelicheka ili kuonyesha kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Wa kwanza ni mtani wa lugha, maana ameshika jembe. Wa pili ni yule mpita njia wa msibani.

Twaweza basi kulijibu swali tulilolianza nalo. Haki ya kumcheka mwenzetu haitokani na kujua zaidi yake. Hutokana na kuwa tayari kumsaidia, na kuwa tayari kuchekwa naye. Fundi anayemwambia mwanagenzi kwa mzaha, "Umeweka mkia mahali pa kichwa," kisha akakaa naye mpaka kazi ikanyooka, amelipa deni lake, na mwanagenzi atausimulia mzaha huo kwa furaha miaka mingi baadaye. Aliyecheka na kuondoka amekopa asichonuia kulipa.

Tanzania inayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, nayo inaweza kumwadhibu mwenye kunyanyasa watu kwa maandishi. Lakini sheria huanza kazi baada ya malezi kushindwa. Kazi ya malezi ni ya walimu na wanafunzi wenyewe. Darasani, kwenye vikundi vya kujifunza, na katika maandishi yanayosomwa na watu wasioonana, tuweke desturi moja nyepesi: asiyejibu swali asilicheke. Desturi hiyo haihitaji fedha wala mitambo, na wazee wetu waliifuata kila walipokutana na watani wao makaburini.