Mpira Shuleni: Nani Anamtumikia Nani?



Kila matokeo ya UNEB yanapotoka, magazeti ya Kampala hujaa orodha za shule zilizofaulisha. Ukifika msimu wa mashindano ya shule za sekondari, magazeti hayo hayo hujaa picha za mabingwa wa mpira. Shule binafsi inayojisifu kwa masomo hutamani kuonekana katika kurasa zote mbili. Swali langu si kama mpira ni halali. Tunajua kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), na aliwahimiza masahaba kurusha mishale. Ninauliza hivi: mpira ukiingia katika shule ya masomo, mwanafunzi anautumia mpira, au shule inamtumia mwanafunzi?

Wapo wanaosema mpira hauna nafasi kabisa. Mzazi ameuza kipande cha shamba apate karo, na kila saa ya uwanjani ni saa isiyosomwa. Hoja hii ina uzito, lakini inamgeuza mtoto kuwa alama tu katika orodha ya matokeo. Salman al-Farisi (r.a.) alipomkuta Abu Dardaa (r.a.) amezama katika ibada, alimkumbusha kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akasema Salman amesema kweli. Ikiwa hata ibada ya sunna ina mpaka, marudio ya hesabu yatakosaje mpaka? Mtaala mpya wa sekondari ulioanza 2020 umeliona hilo: elimu ya viungo ni somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, sawa na Kiswahili chetu hiki. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kipindi kilichoandikwa kwenye ratiba kinachezwa kweli, na kinachezwa na wote, hata yule asiyejua kupiga danadana.

Wapo wa upande wa pili, wanaosema mpira hufungua milango. Nao wana ushahidi. St Mary's Kitende, shule ya Lawrence Mulindwa aliyeongoza FUFA kuanzia 2005 hadi 2013, imejijengea jina darasani na uwanjani pia. Kawempe Muslim imelea wasichana waliofika timu ya taifa, akiwemo Juliet Nalukenge, ambaye baadaye alikwenda kucheza Cyprus. Kwa mtoto wa maskini, mguu wake unaweza kulipa karo ambayo mfuko wa baba yake hauwezi.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Nilisoma na kijana mmoja aliyeletwa kutoka kijijini kwa sababu ya mbio zake pembeni mwa uwanja. Shule sitaitaja. Alisamehewa karo, akacheza, tukashangilia. Akiwa kidato cha tatu aliumia goti. Muhula uliofuata jina lake lilisomwa paredi pamoja na wadaiwa wa karo, na hakufika kwenye mtihani wa kidato cha nne. Kombe alilosaidia kulileta lilibaki kwenye kabati la ofisi.

Mtetezi wa shule atasema: makubaliano yalikuwa kucheza, asiyecheza ampishe mwingine. Ninajibu kwa mambo mawili. Kwanza, mzazi aliyemtoa mtoto wake kijijini aliahidiwa elimu, na mtoto wa miaka 14 hana uwezo wa kupima masharti ambayo hakuna aliyemsomea. Qur'ani inatuamrisha kutimiza ahadi, na ahadi hupimwa kwa kile yule dhaifu alichoeleweshwa. Pili, kijana alikwisha kulipa. Mechi alizocheza haziwezi kurudishwa, na jina zililoiletea shule bado linavuta wazazi wenye fedha. Tumefundishwa kumpa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Huyu jasho lilikauka, na ujira ukakatwa njiani.

Atasema tena kwamba shule haina fedha za kuwabeba wote wanaoumia. Basi na ichukue wachache. Kama inaweza kuwafikisha wachezaji kumi hadi mtihani wa mwisho, isiwaite thelathini. Kushindwa kusaidia watu wengi ni udhuru. Kuahidi usichoweza kutimiza si udhuru.

Kwa hiyo kipimo changu cha nafasi ya mpira katika shule ya masomo si idadi ya makombe, wala si saa ngapi uwanja unafunguliwa. Ninamtazama mchezaji siku ambayo hawezi kucheza tena. Kama kesho yake bado ana kiti darasani, mwalimu wa kumfidia vipindi alivyokosa safarini, na nafasi ya kuswali Alasiri bila kuombaomba ruhusa kwa kocha, basi pale mpira umekaa mahali pake. Kama hana, tusiite kile alichopewa msaada wa masomo. Kilikuwa kibarua.

Wengi wetu tunaosoma gazeti hili tutakuwa walimu, na baadhi tutamiliki shule. Kabla ya hapo, tuna wadogo zetu nyumbani. Kocha akija kumchukua mmoja wao, mkaribishe chai, kisha umuulize mbele ya wazazi: akiumia, nani atamlipia karo? Jibu liandikwe, na litiwe saini.