Saa Haina Macho, Kalamu Inayo

Mwanamke akienda kusomea uofisa jeshini, apimwe sawa na mwanaume ama apimwe kivyake? Kwetu West Indies, Eldoret, swali hili liko karibu. Makurutu wa jeshi hufunzwa Moi Barracks, papa hapa Eldoret, na maofisa kule Lanet, Nakuru. Siku ya paredi ya kufuzu, ubishi hauishi: "Ati hao madem walikimbia kama wengine kweli?"

Lakini mbio si tatizo kubwa. Sisi watu wa Eldoret tunajua saa haina macho. Muda ukishawekwa, uwe mmoja ama miwili, kila mtu anauona na anaweza kuupinga. Ila ofisa hapimwi miguu pekee. Kuna mtu na kalamu yake, anaandika kama huyu anaweza kuongoza. Kalamu hiyo ina macho. Sauti ile ile ya amri, kwa huyu itaitwa msimamo, kwa yule kiburi.

Hii si hisia tu. Mwaka 2018 watafiti Marekani walichapisha uchambuzi wa tathmini 81,000 za viongozi wa kijeshi. Kwa alama za masomo na mazoezi ya mwili, wanawake na wanaume hawakutofautiana. Kwa maneno ya sifa, wanawake walibandikwa mabaya mengi zaidi.

Utaambiwa, "Si Fatuma Ahmed aliweza?" Kweli. Aliingia jeshini 1983, enzi ambapo wanawake walikuwa na kikosi chao cha kando, kilichovunjwa 1999. Akawa brigedia wa kwanza mwanamke 2015, meja jenerali 2018, na 2024 akakabidhiwa Jeshi la Anga. Heshima yake. Lakini aliyevuka mto hakuambii ni wangapi walirudishwa ukingoni, wala kwa sababu gani.

Kwa hivyo haki si kushusha kipimo, bana. Vita havimwonei mtu huruma. Haki ni kumdai mwenye kalamu sababu: ukiandika "hawezi kuongoza," sema siku gani, kazi gani, alifanya nini. Hata kijana mpole wa kiume, anayeonekana si mkali vya kutosha, atapona hapo.

Na mwenye kalamu akikosa jibu, basi alichopima si uongozi. Alipima mazoea yake mwenyewe.