Wanangu, Faili Zenu Mtazitoaje?

Wanangu mliosoma, mnaofanya kazi Kisumu na kurudi Asembo Bay mwishoni mwa wiki mkiwa mmebeba ofisi nzima ndani ya simu, nina neno nanyi. Nawaona mkichagua huduma ya kuhifadhi faili mtandaoni kama mnavyochagua bando: nani anatoa nafasi kubwa bure? Google inatoa gigabaiti 15, Apple na Microsoft 5 kila mmoja, Dropbox 2. Mnachukua iliyo kubwa na kuendelea na safari, bila hata kujua kwamba hizo 15 za Google zinaliwa pia na barua pepe zenu na, tangu Juni 2021, na picha mpya mnazohifadhi humo. Ukubwa wa nafasi ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: siku mambo yakiharibika, faili zangu nitazitoaje?

Nasema hivi kwa sababu ya kazi niliyoifanya. Katika masijala ya serikali, faili haikutoka kabatini kabla karani hajaandika daftarini nani ameichukua, siku gani, na inakwenda meza ipi. Mkubwa wa ofisi angefoka atakavyo; bila saini, faili haitoki. Na funguo za kabati zilikuwa kwa watu wawili. Siku hizi mashine inawafanyia mengi ya hayo, nami nafurahi. Lakini mashine haijui faili ipi ikipotea na wewe umepoteza kazi.

Msidhani huko mtandaoni balaa haifiki. Faili zenu zimelala kwenye kompyuta za watu, ndani ya majengo ya watu, na majengo huungua. Machi 2021 jengo la OVHcloud liliteketea Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao hawakuwa na nakala kwingine wakapoteza kazi yao. Septemba 2025 moto ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, ukaangamiza hifadhi ya faili za watumishi wa umma, terabaiti 858. Nakala ya pili haikuwepo. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba hifadhi ilikuwa kubwa mno kunakiliwa nje. Ikiwa taifa lenye utaalamu kama ule lilifikwa na hayo, wewe mwenye laptopu moja na akaunti moja unategemea nini?

Hata hivyo, hasara nyingi ninazoziona hazitokani na moto. Zinatokana na kidole. Wengi wenu mnaamini kwamba faili ikionekana kwenye simu, kwenye laptopu na mtandaoni, basi mna nakala tatu. Mnayo moja tu, inayoonekana mahali patatu. Mtoto akiifuta kwenye simu akicheza, imefutika kote. Google Drive huiacha kwenye pipa siku 30, kisha huiondoa, na mtu mwenye shughuli nyingi siku 30 humpita hajafungua folda hiyo hata mara moja. Kabla ya kulipa, uliza: kilichofutwa hurudi kwa muda gani? Matoleo ya awali ya waraka yanahifadhiwa? Kisha nunua diski ya nje, nakili kazi muhimu kila mwezi, na uiache nyumbani kwa wazazi huku Asembo, mbali na laptopu yenyewe.

Laini ya simu nayo imewaponza wengi. Akaunti nyingi hutuma msimbo wa kuthibitisha kwa SMS, na laini ikikaa bila kutumika kampuni huifunga, kisha namba ileile hupewa mteja mwingine. Nawajua vijana waliokwenda kutafuta kazi Ghuba, laini ya Kenya ikafa, na siku walipohitaji vyeti vyao msimbo ukawa unakwenda kwa mtu wasiyemjua. Chapisheni misimbo ya akiba ya akaunti zenu, ile inayotumika SMS isipofika, iwekeni ndani ya bahasha pamoja na hati ya shamba, na mke, mume au ndugu ajue bahasha iko wapi. Kumbukeni pia kwamba tangu Desemba 2023 Google inaweza kufuta akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili, pamoja na vyote vilivyomo. Nimehudhuria mazishi hapa ambapo familia ilijua kuna karatasi za bima mtandaoni na hakuna aliyekuwa na namna ya kuzifikia.

Akaunti ya kazini si yako. Kijana wa jirani yangu, mhasibu hodari, aliweka humo kila kitu, hata picha za harusi. Mkataba uliisha Ijumaa; Jumatatu akaunti ilikuwa imefungwa. Vya kwako viwe kwako, vya mwajiri viwe kwa mwajiri. Na wauguzi, mawakili na walimu wanaotunza habari za watu wengine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Rekodi za mgonjwa hazina ruhusa ya kukaa kwenye akaunti yako binafsi kwa sababu tu ni rahisi kuzifungua ukiwa kwenye matatu.

Mtandao wenyewe hukatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Kenya nzima ikalalamika. Basi chagueni huduma inayowaruhusu kufungua faili bila intaneti, na kupakua vyote kwa pamoja mkitaka kuhama.

Jumamosi hii, kabla hujalipia mwaka mzima, chukua nakala ya faili moja unayoithamini. Ipakie, ifute, irudishe, kisha ujaribu kuifikia kwa simu ya mwenzako, kana kwamba yako imeibwa. Huduma ikishindwa kukurudishia faili hiyo, usiilipe hata shilingi.