Jina na Mkono: Kumkumbuka Mwalimu wa Ambulensi

Mhudumu wa ambulensi hufanya kazi ambayo mara nyingi anayefaidika nayo hawezi kuishuhudia. Mgonjwa aliyezimia hajui ni nani aliyemfungulia njia ya hewa. Aliyegongwa barabarani huzindukia wodini, mikononi mwa watu wengine, na shukrani zake huwaendea hao. Jamaa walikuwapo, lakini fadhaa iliwazidi. Wakiulizwa baadaye hukumbuka king'ora na machela, labda na rangi ya sare. Shahidi anayebaki ni mwenzake wa zamu, yule aliyeshika upande wa pili wa machela. Kwa hiyo anapofariki mhudumu mkongwe aliyewalea wageni wa kazi, jukumu la kumkumbuka huwaangukia watu wachache, tena kwa swali lisilo jepesi: wakiendelea kufanya vizuri kile alichowafundisha, je, wamekwisha kumkumbuka, au bado wanadaiwa jina lake?

Jibu linategemea kwanza ni nini hasa alichowaachia. Sehemu ya elimu ya kazi hii imo vitabuni, na hubadilika. Kabla ya miaka ya 1960, aliyekatika pumzi aliokolewa kwa kukandamizwa mgongo au kifua huku mikono yake ikiinuliwa na kushushwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 James Elam na Peter Safar walionyesha kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo inafaa zaidi, na mwaka 1960 watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, wakatangaza njia ya kushindilia kifua kwa mikono. Mwaka 2010 mwongozo wa Marekani ukageuza mpangilio uliokaririwa na vizazi vya wanagenzi: kifua kishindiliwe kwanza, njia ya hewa na pumzi zifuate. Aliyefundishwa mpangilio wa zamani na mzee aliyempenda ilimbidi auache. Kama mwalimu angekumbukwa kwa utaratibu alioufundisha tu, mwongozo mmoja mpya ungetosha kumfuta.

Sehemu nyingine haiandikiki kwa urahisi. Namna ya kuingia katika nyumba ya watu usiku wa manane bila kuongeza kelele juu ya vilio. Kupiga goti ili mgonjwa asizungumzwe kutoka juu. Kumwuliza mgonjwa jina lake kabla ya kumgusa, na kulitumia jina hilo mpaka mlango wa hospitali. Kujua ni lini mwendo wa kasi unaokoa na ni lini unamtikisa tu mwenye mifupa iliyovunjika. Kujua nani kati ya jamaa apewe kazi ya kushika taa ili asije akaanguka yeye. Aristotle, katika kitabu cha sita cha maadili yake kwa Nikomako, alieleza kwamba kijana anaweza kuwa hodari wa hisabati lakini si mwenye hekima ya vitendo, kwa kuwa hekima hiyo hujengwa na mambo ya mojamoja, na hayo hujulikana kwa kupitiwa na miaka. Mkongwe wa ambulensi ndiye anayempunguzia mwanagenzi urefu wa miaka hiyo. Humkopesha uzoefu ambao bado hajaupata, na kwa kawaida humkopesha njiani, kati ya simu moja na nyingine, kwa maneno machache au kwa kumwangalia tu.

Urithi wa namna hii una tatizo lake. Ukishapokelewa vizuri huacha kuonekana kwamba ni wa mtu. Mwanagenzi anayepiga goti leo hadhani kwamba anamwiga mtu. Anadhani ndivyo kazi inavyofanywa. Mwalimu amefaulu kiasi cha kutoonekana.

Historia inayolionyesha tatizo hili vizuri kuliko nyingine ni ya Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Katikati ya miaka ya 1960 mgonjwa wa dharura mjini humo alichukuliwa na gari la polisi au gari la kubebea maiti, na waliombeba hawakuwa na la kumfanyia njiani. Mwaka 1966 gavana wa zamani David Lawrence alianguka akiwa jukwaani kwenye mkutano wa kisiasa, naye alikimbizwa hospitali kwa namna hiyohiyo; alifariki siku kadhaa baadaye. Mwaka huohuo Safar, daktari wa usingizi aliyezaliwa Vienna, alimpoteza binti yake mdogo kwa pumu. Akishirikiana na wafadhili pamoja na jumuiya ya Freedom House ya mtaa wa Hill District, alianzisha mafunzo ya takriban saa 300 kwa vijana Weusi wa mtaa huo. Baadhi yao hawakuwa wamemaliza shule, na wengine walikuwa wametoka vitani Vietnam. Magari yakaanza kazi mwaka 1968. Vijana ambao mji uliwahesabu kuwa hawaajiriki wakawa miongoni mwa wa kwanza nchini humo kutoa matibabu ya kitaalamu barabarani, badala ya kubeba tu.

Daktari Nancy Caroline alipowekwa kuwasimamia kitaaluma, miaka ya 1970, alipanda nao magarini na kufundisha humohumo. Kutokana na kazi hiyo yalitoka mafunzo ya wahudumu wa ambulensi kwa nchi nzima, na kitabu alichochapisha mwaka 1979 kimekuwa kikitolewa upya hadi karne hii, kikibeba jina lake. Baadaye alifanya kazi Nairobi, katika shirika la AMREF, miaka ya 1980; alifariki mwaka 2002. Lakini mwaka 1975, kabla kitabu hicho hakijatoka, mji wa Pittsburgh ulikuwa umekwisha kuusitisha mkataba wa Freedom House na kuanzisha huduma yake wenyewe. Wahudumu wa zamani walichukuliwa na mji, kisha wengi wakajikuta nje kwa mitihani na taratibu mpya, au chini ya Wazungu wenye uzoefu mdogo kuliko wao. Kwa miongo kadhaa mhudumu kijana wa jimbo jingine aliweza kuhitimu, akafanya kila kitu sawasawa, asijue kwamba mikono yake ilifundishwa, kupitia mikono mingine mingi, na watu wa Hill District.

Mkono ulibaki na majina yakapotea. Je, waliotendewa hivyo walipoteza chochote?

Wapo watakaojibu kwamba hawakupoteza kitu, na hoja yao ina mizizi katika dini zote mbili kubwa za wasemaji wa Kiswahili. Katika Uislamu, tendo linalofanywa ili watu walione limeingiwa na ria, na thamani yake kwa Mungu imeharibika. Ikhlasi ni kutotaka shahidi mwingine ila Mungu. Katika Injili ya Mathayo Yesu anafundisha sadaka itolewe kwa siri hata mkono wa kushoto usijue ufanyacho wa kulia. Tena Waislamu wengi wanaikumbuka hadithi ya Mtume kuhusu mambo matatu yanayoendelea kumfaa mtu baada ya kufa kwake: sadaka inayodumu, elimu inayonufaisha, na mtoto mwema anayemwombea dua. Elimu ya kumrudishia mtu pumzi ni elimu inayonufaisha bila ubishi. Kila kifua kinachoshindiliwa vizuri na mwanafunzi wa mwanafunzi humwandikia thawabu mwalimu wa kwanza, hata kama aliyeshindilia hajawahi kumsikia. Daftari linalohesabika halipo duniani.

Hoja hii ni nzuri, na wahudumu wakongwe wengi huishi kwayo. Inapotumiwa na mtu kwa nafsi yake haina kasoro. Inaharibika inapohamia mdomoni mwa mtu mwingine. Mkongwe akisema jina lake lisitajwe, ametoa kitu chake. Ofisi ikisema jina lake halina haja ya kutajwa, kwa kuwa kazi ilikuwa ya Mungu, imechukua kitu kisicho chake na kukivika vazi la uchaji. Unyenyekevu hauwezi kutolewa kwa niaba ya mtu, kama vile sadaka haitolewi kwa mali ya jirani. Wahudumu wa Pittsburgh hawakuombwa wayatoe majina yao, yaliondolewa. Yaliyowapata yanaitwa dhuluma, na thawabu yao kwa Mungu haiwafutii deni wale waliowaondoa.

John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa wa Kenya, aliliwekea jambo hili kipimo cha wakati. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alieleza kwamba wafu wapya bado wamo katika Sasa, kwa kuwa wapo wanaowajua kwa majina. Anapoondoka mtu wa mwisho aliyemjua marehemu, marehemu huyo huingia katika Zamani. Mbiti alikuwa akizungumzia ukoo. Mwalimu wa kazi ana ukoo wa namna nyingine, wa wanafunzi, na ukoo huo haulingani na kipimo chake, kwa sababu mkono unaweza kubaki katika Sasa kwa vizazi vingi baada ya jina kuzama. Mtu huyo basi yuko wapi? Kwa kipimo cha Mbiti ameondoka, ingawa goti lake bado linapigwa kila usiku sakafuni mwa nyumba za watu. Pengine jibu la haki ni kwamba kazi yake ipo nasi na yeye hayupo. Kinachopotea jina linapopotea ni uwezo wa walio hai kusema naye, kumshukuru, kumwombea kwa kumtaja, na kumbishia.

Hilo la kubishana ndilo linalosahauliwa zaidi. Wanazuoni wa hadithi walihifadhi isnadi, mlolongo wa majina ya waliopokeana habari, ili ijulikane habari imepitia kwa nani na kama mpitishaji alikuwa wa kuaminika. Sifa ya wapokezi haikuwa lengo. Jina lilikuwa chombo cha ukaguzi. Katika madrasa za pwani hadi leo mwalimu hutaja alisoma kitabu kwa nani, na huyo alisoma kwa nani. Kazi ya ambulensi haijawa na desturi hiyo, nayo ingeifaa. Mhudumu anayejua kwamba namna fulani ya kumgeuza majeruhi alifundishwa na mzee fulani, aliyejifunza wakati vifaa vilipokuwa vya aina fulani, anaweza kuipima. Asiyejua imetoka wapi huiona kuwa sheria ya maumbile, akaing'ang'ania hata ikidhuru.

Desturi hiyo inaibua suala gumu: makosa ya marehemu. Adabu ya Kiswahili na mafundisho ya Uislamu vinakubaliana kwamba aliyefariki atajwe kwa mema. Mkongwe wa miaka mingi, hata hivyo, alikosea pia, na wakati mwingine mtu alikufa kwa kosa hilo. Akiwa mwalimu mwaminifu, kosa lilikuwa sehemu ya somo lake: aliwasimulia vijana siku aliyochelewa kuona kwamba kifua kimejaa hewa upande mmoja, ili wao wasichelewe. Baada ya kifo chake, je, kisa hicho kifukiwe kwa heshima? Hapa pia wanazuoni wa hadithi walikwisha kupita. Waliruhusu kumtaja mpokezi kwa udhaifu wake, hata akiwa maiti, pale watu wanapohitaji kujua, na kwa kiasi cha haja tu. Kumsifu bila kasoro mtu aliyefundisha kwa kasoro zake ni kumnyang'anya somo lake bora.

Ibada za kuaga, kwa upande wake, hazibebi mzigo huu wote, wala hazikusudiwi. Marekani upo mtindo wa kumwita marehemu mara ya mwisho kwa redio, kwa namba yake au jina, mbele ya wenzake waliosimama. Hajibu, na kituo kinatangaza kwamba zamu yake imekwisha. Katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki mwalimu wa dini husoma talkini kaburini, akimwita marehemu na kumkumbusha majibu atakayotakiwa kuyatoa. Wapo wanazuoni wanaoipinga desturi hiyo, wakisema haina asili ya kutosha. Mwito wa redio hautaraji jibu, na talkini hutaraji jibu lisilosikika kwa walio hai. Yote mawili humwita mtu mmoja, aliye huyu na si mwingine, jambo ambalo mkono uliorithiwa hauwezi kulifanya peke yake.

Baada ya ibada ndipo ushahidi unapodaiwa. Katika fikihi, kutoa ushahidi ni fardhi kifaya, wajibu unaotimizwa na baadhi kwa niaba ya wote, wanapokuwapo mashahidi wengi, na humgeukia mmoja kuwa fardhi aini, wajibu wake mwenyewe, anapokuwa ndiye pekee aliyeona. Kwa kuwa kazi ya ambulensi huonwa na wawili au watatu, mwanagenzi wa zamani mara nyingi yumo katika hali hiyo ya pili bila kujua. John Moon, aliyeingia Freedom House miaka ya 1970, alibaki katika huduma ya mji baada ya wenzake wengi kuondoka, akapanda hadi mkuu msaidizi, akastaafu mwaka 2009. Alipigania vijana Weusi waajiriwe. Mmoja wa aliowavuta kazini, Amera Gilchrist, alikuja kuwa mkuu wa huduma hiyohiyo. Vitabu na filamu za miaka ya karibuni kuhusu Freedom House vimeegemea sana masimulizi yake na ya wenzake wachache waliofika uzeeni. Wasingalisema, mikono ingaliendelea na kazi na majina yasingalirudi.

Ushahidi huo una mpaka ambao waombolezaji hawaupendi. Visa vinavyomwonyesha mkongwe katika ubora wake ni visa vya watu wengine: mama aliyejifungulia ndani ya gari, kijana aliyekunywa sumu, mzee aliyekutwa katika hali ambayo familia yake haitaki ijulikane. Siri hizo hazikuwa mali ya mkongwe, na kufa kwake hakumrithishi mwanafunzi ruhusa ya kuzitoa. Sifa ya msibani kwa hiyo hukatwa majina, mitaa na tarehe mpaka karibu isibaki kitu, huku wasifu wa kweli ukisemwa katika chumba cha zamu, kati ya watu walioapa kiapo kimoja, kisha simu inapolia unakatishwa.