Haradali, Ng'ombe na Jasusi

Mwishoni mwa filamu ya Danger: Diabolik, aliyoiongoza Mwitaliano Mario Bava mwaka 1968, dhahabu iliyoyeyuka inamwagikia mwizi mkuu na kumfunika gubigubi. Anaganda kama sanamu. Kumbe ndani ya vazi lake lisiloshika moto yu hai, na jicho moja linakonyeza! Mwenyewe ni mwizi, si jasusi, lakini wapenzi wa filamu za kijasusi za miaka ile, zenye rangi za kulewesha na muziki wa kizunguzungu, wamempokea kama ndugu.

Hadithi za filamu hizo, tuseme ukweli, nyingi ni dhaifu. Kinachowahangaisha wakusanyaji ni rangi. Nakala nyingi za enzi hizo zilichapwa kwenye mikanda ambayo rangi zake hufa: samawati hufifia, manjano nayo hufuata, mpaka bahari, majani na uso wa mwigizaji vyote vinabaki wekundu mtupu. Zile zilizochapwa kwa njia ya Technicolor, kila rangi ikigandamizwa mkandani kwa zamu yake, bado zinang'aa. Ndiyo maana mkusanyaji akifungua kopo huvuta mkanda kidogo, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, ndipo aulize bei.

Sasa mtazame Muumba. Rangi zilizogandamizwa ni tatu tu, na zinatosha, kwa sababu ndani ya jicho la mwanadamu Yeye ameweka aina tatu za chembe za kutambua rangi. Hata utando unaoshika picha umetoka kwa viumbe vyake: ni gelatini, inayochemshwa kutoka mifupa na ngozi za ng'ombe. Katika miaka ya 1920, Samuel Sheppard wa kampuni ya Kodak alichunguza kwa nini gelatini nyingine huitikia mwanga upesi na nyingine huzubaa. Akagundua kuwa siri ni chembechembe za salfa, kidogo mno, zenye asili ya mimea kama haradali. Ng'ombe alijilia majani yake malishoni, asijue kwamba anamsaidia binadamu kunasa mwanga. Nani angepanga hivyo, kama si Mola?

Kama kwenu kuna mkanda wa sinema wa zamani, uhifadhi penye ubaridi na ukavu. Ukinuka siki, utenge na mingine upesi, maana umeshaanza kuoza.