Mji wa Kale, na Mzigo wa Kurudi Nao

Neno la mwezi huu limo katika Zaburi ya 48, mstari wa 12 mpaka wa 14. Lisomeni nyumbani jioni, watoto wakiwapo. Mwimbaji awataka watu wauzunguke mji wa Mungu kwa miguu yao wenyewe, waitazame minara yake na kuta zake. Kwa nini? Si ili wajisifu kwamba wamefika. Ni ili wapate habari ya kukisimulia kizazi kitakachofuata. Nayo habari yenyewe si ya mawe, bali ni ya Mungu awaongozaye watu wake mpaka kufa.

Twalitoa neno hili kwa sababu yako manung'uniko. Wako watoto wetu wanaokwenda kusoma ng'ambo, Ujerumani, Uswidi, Marekani na kwingineko, nasi twakaa huku tukingoja habari zao. Zamani ilikuja barua; siku hizi huja picha katika simu. Jumamosi hii kijana amesimama mbele ya kanisa kubwa la mawe. Jumamosi ya pili yuko katika mji mwingine, chini ya mnara mwingine. Ndipo mzee aliyeuza kahawa yake ili kijana yule apate nauli huuliza, "Je, tulimtuma kusoma, au tulimtuma kutembea?" Swali hili si la kudharauliwa. Fedha ya kahawa ni jasho la watu, na mkungu wa ndizi uliouzwa katika mnada wa mavuno umetoka katika kibanja cha mama ambaye labda hakubakiwa na mwingine.

Wengine humjibu mzee kwa mithali, kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Naam, ni kweli. Lakini mithali hiyo yatuletea swali la pili: Ameokota nini? Haya basi, na tumfuate mwanafunzi huyo kwa mawazo yetu mpaka mji mmoja, tuone yaliyopo ya kuokotwa.

Tuseme anasoma Berlin. Siku ya Jumamosi apanda gari moshi, na baada ya mwendo wa kama saa moja ashuka Wittenberg, mji wa Martin Luther. Kwanza aenda penye mlango wa Kanisa la Ngome, ambao, kama tulivyopokea, Luther aliupigilia hoja zake 95 siku ya 31 Oktoba 1517. Akifika aona nini? Mlango ule wa mbao haupo. Uliteketea kwa moto mwaka 1760. Ulioko leo ni wa shaba, nao uliwekwa mwaka 1858. Aliyekuja kuutafuta ubao amechelewa zaidi ya miaka 260. Lakini Neno ambalo kwa ajili yake hoja zile ziliandikwa, hilo halikuungua. Lasomwa Kashasha na Kamachumu, lasomwa katika nyumba za nyasi na za bati. Kumbukeni wanafunzi wa Bwana, walivyoyastaajabia mawe ya hekalu, naye akawaambia kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe (Marko 13). Hili ndilo fundisho la kwanza la mji wa kale: majengo hupita. Mtu akirudi amejaa sifa za minara ya Ulaya, akalidharau kanisa dogo alilobatizwa, huyo ameyaona mawe tu, wala hakuyasikia yale mawe yaliyomwambia.

Fundisho la pili ni hili: Mwafrika aingiapo Wittenberg haingii kama mgeni wa kwanza. Mwaka 1534 shemasi mmoja wa Uhabeshi, jina lake Mikaeli, alifika katika mji huo, akazungumza na Luther na Melanchthon juu ya imani na juu ya ibada ya kanisa lake. Wakaona ya kuwa wanapatana naye katika mambo makuu, wakamwita ndugu, akaondoka na barua ya kumtambulisha kwa Wakristo wengine. Tena miaka mia mbili baadaye, Anton Wilhelm Amo, aliyechukuliwa angali mtoto kutoka Axim, katika pwani ya Ghana ya leo, alisoma katika chuo cha Wittenberg, akatoa maandiko yake ya udaktari mwaka 1734, kisha akawa mwalimu wa Wazungu. Kwa hiyo, ewe kijana wetu, usitembee katika mji ule kama mtu aombaye ruhusa. Habari ya Kanisa ni habari ya nyumba yako pia.

Lakini mtoto wa nyumba haonyeshwi sebule peke yake. Huonyeshwa na jikoni penye masizi. Hapa twafika kwenye fundisho la tatu, nalo ni zito. Katika mji huo huo liko kanisa la pili, Kanisa la Mji, ambalo Luther alihubiri humo mara nyingi sana. Ukiinua macho ukatani, juu, waona sanamu iliyochongwa zaidi ya miaka 700 iliyopita: nguruwe, pamoja na Wayahudi, kwa kuwadhihaki na kuwatukana. Luther mwenyewe hakuikemea. Bali mwaka 1543 aliandika kitabu cha maneno makali mno juu ya Wayahudi, akashauri masinagogi yao yachomwe moto. Baada ya miaka mia nne wale waliowaua Wayahudi kama milioni 6 waliyatumia maneno yake kujitetea.

Je, Wakristo wa mji ule walifanyaje? Mwaka 1988 waliweka ardhini, chini ya sanamu ile, bamba la ukumbusho la kuwataja waliouawa. Wako wasemao kwamba hiyo haitoshi, sanamu ingeondolewa. Shauri hilo lilifika hata mahakama kuu ya Ujerumani, nayo mwaka 2022 iliamua kwamba yaweza kubaki. Sisi hatuingii katika kesi yao. Lakini twakumbuka jambo moja linalotuhusu. Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa Buhaya mwaka 1925, ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, tangu mwaka 1977 mpaka 1984. Naye pia alikuwa mwanafunzi wa ng'ambo, huko Bethel katika Ujerumani, na baadaye Boston katika Marekani. Ilikuwa katika mkutano mkuu wa Budapest, mwaka 1984, yeye angali Rais, ndipo Fungamano lilipolipokea tamko la kukiri kwa huzuni dhambi ya maneno yale ya Luther. Basi mtoto wa Buhaya alikiongoza kikao ambacho Walutheri waliungama humo kosa la baba yao katika imani, wala hawakuacha kuwa Walutheri. Kumheshimu baba si kuuficha uchi wake kwa uongo. Ni kusema kweli, na kutorudia.

Huu ndio mzigo tunaotaka kijana arudi nao, kwa maana nasi huku tunazo kuta za kutazamwa. Ugonjwa wa ukimwi ulipotambuliwa kwanza katika nchi yetu, mwaka 1983, ulitambuliwa hapa Kagera. Walikuwapo Wakristo waliowauguza wagonjwa na kuwalea yatima kwa upendo mkubwa. Walikuwapo na wengine waliowanyoshea wagonjwa kidole, na wajane wakafukuzwa katika vibanja vya waume zao, na ukoo ukakaa kimya. Ni nani atakayeweka bamba la ukumbusho chini ya ukuta huo? Yule aliyeona Wittenberg jinsi kusanyiko linavyoweza kusimama mbele ya aibu yake bila kukimbia, huyo aweza kutusaidia.

Sasa tuwape shauri pande zote mbili. Ninyi mlioko ng'ambo: kazi ya siku sita itangulie, kwa kuwa mlitumwa kusoma. Safari isiile Jumapili. Mkikutwa na siku ya Bwana katika mji mgeni, ingieni kanisani pamoja na wenyeji, msipite nje mkipiga picha tu. Hesabuni gharama kama mwenye kujenga mnara katika Luka 14. Na mrudipo, jueni pia ya kwenu: karibu na Kemondo watafiti wamefukua tanuru za kuyeyushia chuma ambazo babu zetu walizitumia yapata miaka 2000 iliyopita. Si vema mtu ajue mlango wa Wittenberg asijue tanuru za Kemondo.

Nanyi mliobaki nyumbani: msihukumu kwa picha. Kabla wamishenari wa Bethel hawajafika mwaka 1910, walikuwako Wahaya waliokwisha kupokea Injili, kwa kuwa ilikuwa imewafikia kutoka Buganda, ikichukuliwa na watu wenye kusafiri. Kama wangaliambiwa wote wakae nyumbani, tungalichelewa kuisikia. Basi kijana akirudi, mkaribisheni, mpeni kahawa ya kutafuna, kisha mwulizeni mbele ya kusanyiko: Umeona nini, na Mungu amekufundisha nini? Akiwa na jibu, fedha ya mzee haikupotea. Akikosa jibu, aulizwe tena kwa upole, maana huenda jibu limo ndani yake lakini hakuna aliyewahi kumwuliza.

Bwana awalinde watembeao na wakaao, atupe macho ya kuona na vinywa vya kusimulia kweli, hata tuufikie mji ule ambao mwenye kuujenga ni Mungu. Amina.